Nasomea upasuaji, niko Mtwara: nitajiandaaje na mtihani wa wagonjwa?

Swali: "Shikamoo dokta. Mimi ni daktari ninayesomea ubingwa wa upasuaji wa jumla. Nimeletwa hospitali moja hapa Mtwara kwa mafunzo, na mtihani wa vitendo wa COSECSA ni Desemba, miezi minne kutoka sasa. Mtihani wa kuandika siuhofii sana. Ninachohofia ni kusimama mbele ya watahini wawili, mgonjwa yuko kitandani. Tulipofanya majaribio mikono ilitetemeka, nikaruka hatua, na nilipoulizwa nimeona nini nikataja ugonjwa ambao hata sikuwa nimeupima. Wenzangu waliobaki Dar es Salaam wanafanyishwa mazoezi na maprofesa. Huku bingwa ni mmoja na muda mwingi yuko thieta. Nifanyeje nisifeli?"

Jibu: Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na hao wenzako wa Dar es Salaam, maana naona wanakunyima usingizi kuliko hata hiyo mikono. Kweli wana maprofesa. Lakini katika hospitali kubwa ya kufundishia, mgonjwa mmoja mwenye uvimbe mzuri wa kujifunzia anagombewa na wanafunzi wa shahada ya kwanza, maintani (madaktari wapya walio kwenye mazoezi) na wasomea ubingwa wenyewe. Ikifika jioni amechoka, anajibu maswali kabla hayajaulizwa, na anajilaza upande unaotakiwa bila kuambiwa. Wewe uko ukanda ambao mwanamume anaishi na busha miaka kumi kabla ya kufika hospitali, ngiri zinakuja zimeshashuka hadi kwenye pumbu, na mgonjwa huyo ni wako peke yako asubuhi nzima. Kesi unazo. Ulichokosa ni mtu wa kusimama pembeni akutazame ukipima na akusikilize ukieleza. Hilo lina dawa, nitalifikia.

Kwanza tuelewane mtihani huu unatafuta nini. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, hicho mnachokiita COSECSA, kilianzishwa 1999 na makao yake ni Arusha. Kilianza kwa sababu nchi zetu zilikuwa na mabingwa wachache mno, na hospitali nyingi za mikoa na za misheni zingeweza kufundisha kama kungekuwa na mtihani mmoja wa kuzipima. Kwa hiyo usijione umetupwa pembeni. Chuo hiki kiliwafikiria watu kama wewe, walio mbali na chuo kikuu. Jinsi vituo vinavyopangwa, ngapi ni za wagonjwa na ngapi ni za maswali ya mdomo, soma kwenye mwongozo wa mwaka wako, si kwenye maelezo ya kaka aliyefanya zamani. Ila nia ya mtahini haibadiliki. Maarifa yako yatakuwa yameshapimwa kwenye karatasi. Siku ile anajiuliza jambo moja tu: huyu nikimwachia wodi yangu usiku wa Jumamosi, mimi nitalala?

Ukilielewa hilo utaona kwa nini mtu mwenye akili nyingi hufeli na mwenzake wa kawaida akapita.

Tusiongee kwa jumla. Mchukue mgonjwa ambaye unaye karibu kila wiki: mzee mwenye uvimbe kwenye pumbu. Huyo anaweza kukutokea kwenye mtihani wowote barani hapa, na jinsi unavyompima inaonyesha karibu kila kitu tunachokitafuta.

Unaingia, unamwamkia. Usiruke shikamoo kwa sababu saa inakimbia. Mtahini wa kutoka Zambia hataielewa, lakini atauona uso wa mzee ukilegea. Unajitambulisha, unaomba ruhusa, unavuta pazia, unauliza: "Mzee, kuna mahali panapouma?" Swali hili linatangulia mkono. Baada ya hapo, unapobonyeza, macho yako yako usoni kwake na si kwenye vidole vyako. Nimekaa upande wa watahini na nakuambia bila kuficha: tunamtazama mgonjwa kuliko tunavyokutazama wewe. Akikunja uso na wewe hujamwona, umepoteza alama ambazo hakuna jibu zuri litakalozirudisha.

Ukimwuliza historia, mzee wa pwani atakwambia ni madafu. Watu wengi ukanda wetu wanaamini madafu yanaleta mabusha. Usicheke, wala usimsahihishe mbele ya watu. Wewe unajua kwamba kwetu chanzo kikubwa ni minyoo ya filaria, Wuchereria bancrofti, inayoenezwa na mbu, na ukiulizwa utasema hivyo.

Sasa asimame. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanampima akiwa amelala tu kwa sababu wamemkuta amelala. Asimame, wewe kaa au chuchumaa, utazame kinena chote, pande zote mbili. Tafuta kovu la operesheni ya zamani, hasa lile linalojificha kwenye nywele. Tazama ngozi ya pumbu kama imenenepa na kufanya mikunjo. Shusha macho kwenye miguu: kuna tende, yaani mguu uliovimba na kunenepa? Kisha mwambie ageuze uso pembeni, akohoe. Tazama kwanza, halafu rudia ukiwa umeweka mkono.

Vidole vina maswali mawili. La kwanza: naweza kufika juu ya uvimbe? Kidole gumba na cha shahada vinabana shingo ya pumbu, juu kabisa. Vikikutana, na katikati yake kuna kamba ya korodani peke yake, uvimbe ni wa pumbu lenyewe. Visipokutana, kitu hicho kinatoka tumboni, na ni ngiri mpaka ithibitike vinginevyo. La pili: korodani naipata peke yake? Kwenye busha maji yameizunguka, huipati. Kwenye uvimbe wa epididimisi, ule mrija wa mbegu uliojikunja nyuma ya korodani, unaipata, imekaa pembeni ya uvimbe. Na kama uvimbe ndio korodani yenyewe, ngumu, nzito, isiyouma, basi wazo la kwanza ni saratani, na mkono wako uende tumboni bila kuagizwa, kwa sababu tezi za limfu za korodani haziko kinenani. Ziko pembeni mwa aota, ule mshipa mkubwa wa damu wa tumboni. Mtahini anakusubiri hapo. Na ukimwambia kwamba utachoma sindano kupitia pumbu uchukue kinyama cha kupima, umejimaliza mwenyewe. Korodani yenye shaka ya saratani inatolewa kwa kupitia kinena.

Halafu tochi. Zima taa au funika kwa mkono pawe na giza, weka tochi nyuma ya uvimbe. Kitabu kinasema busha litang'aa wekundu. Busha changa lenye ganda jembamba, ndiyo. Lakini busha la mzee wa Naliendele lililokaa miaka kumi lina ganda nene, maji yake yamekuwa mazito, na mwanga haupenyi. Aliyejifunza kitabuni peke yake anatamka pale pale: haling'ai, basi si busha. Wewe uliyeyaona ya Mtwara unasema: halipitishi mwanga, ila nimefika juu yake, halina msukumo wa kikohozi, kwa hiyo bado naona ni busha la muda mrefu lenye ganda nene, na korodani iliyo ndani nataka iangaliwe kwa ultrasaundi kwa sababu sikuweza kuipapasa. Ukisema hivyo mtahini ataandika alama yake bila kuuliza zaidi. (Na ujue kinyume chake pia: ngiri ya mtoto mchanga inaweza kung'aa.)

Mlaze sasa. Uvimbe umerudi wenyewe? Kama ni ngiri, tafuta kinundu cha mfupa wa kinena. Shingo ya ngiri ya kinena iko juu yake na upande wa ndani. Ya paja iko chini yake na upande wa nje. Kinundu hiki wengi wanakitaja, wachache wanakigusa. Ukitaka kuziba tundu la ndani inakotokea ngiri, baada ya kuirudisha, kidole kinakaa juu kidogo ya katikati ya ligamenti ya kinena, yaani nusu ya njia kati ya ncha ya mbele ya nyonga na kinundu hicho. Nusu ya njia kati ya nyonga na simfisisi, pale mifupa ya kinena inapokutana katikati, ndipo unapopiga mshipa wa paja. Ni vitu viwili, na watu huvichanganya kila mwaka. Kipimo chenyewe mara nyingi hakilingani na utakachokikuta thieta, na unaruhusiwa kusema hivyo, ila kifanye kwa mkono uliozoea. Malizia kwa upande wa pili, tumbo, na uombe kupima tezi dume kwa kidole, kwa sababu mzee anayekamua mkojo kila siku atairudisha ngiri yako hata ukimshonea vizuri vipi.

Sasa hilo kosa lako la kutaja ugonjwa ambao hukuupima. Si wewe peke yako. Ndilo linalowakuta wengi. Ubongo ulioogopa unakimbilia jina. Jiwekee amri: hutataja ugonjwa wowote kabla ya kusema mambo matatu uliyoyaona au kuyagusa kwa mkono wako. Msikilize mtahiniwa wa kwanza: "Hii inaweza kuwa busha, ngiri, saratani, kifua kikuu cha epididimisi, au varikosili." Ameorodhesha kitabu, na mgonjwa hayumo. Sasa msikilize wa pili: "Mzee huyu ana uvimbe wa pumbu upande wa kulia, takriban sentimita 15 kwa 10. Nimefika juu yake, korodani haishikiki peke yake, hauna msukumo wa kikohozi. Ngozi imenenepa na mguu wa kulia una tende. Naona ni busha, na nashuku filaria." Pumzi moja, kisha akanyamaza. Kunyamaza ni sehemu ya jibu. Mtu anayeendelea kuongea baada ya jibu zuri huwa anajichimbia maswali magumu.

Ukiulizwa tiba, jibu kama mtu aliyeshika kisu. Kwenye maeneo ya filaria tunapendelea kulikata ganda badala ya kuligeuza tu, kwa sababu lililogeuzwa huacha nafasi ya maji kurudi. Kazi kubwa ni kuzuia damu, la sivyo kesho yake pumbu limejaa upya, safari hii kwa damu. Kwa ngiri, uwe umewahi kusikia utafiti wa Uganda uliochapishwa 2016 kwenye New England Journal of Medicine: wavu wa kuimarisha ukuta wa tumbo wa bei nafuu, wa aina ya kitambaa cha chandarua kilichoandaliwa na kutakaswa, haukutofautiana na wavu wa kibiashara kwa ngiri kurudi baada ya mwaka mmoja. Mtahini akikuuliza utafanyaje mahali ambapo wavu wa kununua haupatikani, una neno la kusema. Usimwambie tu kwamba utachukua chandarua cha kitandani.

Kama utasikia kambi ya upasuaji wa mabusha inafanyika Mtwara, Lindi au Kilwa, omba uende. Wagonjwa wengi wa aina moja kwa siku chache: wapime wote, hata wale ambao hutawapasua. Mkono ukishagusa mabusha ishirini mfululizo, la ishirini na moja likiwa ngiri utashtuka wewe mwenyewe kabla hujafikiri.

Nije sasa kwa yule mtu wa kukutazama na kukusikiliza.

Bingwa wako mmoja usimwombe akufundishe. Hana muda, na ombi la namna hiyo linamchosha kabla hajajibu. Mwombe kesi moja baada ya raundi: "Dokta, nimpime huyu wa kitanda cha nne mbele yako, unikosoe." Dakika kumi anazo, hata akiwa njiani kwenda thieta. Siku ambazo hayupo, una watu wengine ambao nadhani hujawafikiria. Daktari msaidizi wa muda mrefu, yule aliyefanya ngiri na operesheni za uzazi wilayani kabla hujaingia chuo, ana jicho kali la mkono usiojua unachokifanya. Sista wa wodi ya wanaume hajui uainishaji wa ngiri, lakini anajua mgonjwa aliyeumizwa na aliyeachwa uchi bila shuka. Mpe kazi hiyo moja: "Sista, niangalie, nikimuumiza au nikimwaibisha niambie." Utasikia mambo ambayo profesa hatakwambia. Intani naye mpe saa: akupimie muda na akukatize ovyo ovyo kwa maswali, kwa sababu watahini watakukatiza, na ni lazima uzoee kujibu kisha ukarudi pale ulipoachia.

Fanya maelezo kwa Kiingereza, kwa sauti, hata ukiwa peke yako. Mtihani utakuwa kwa Kiingereza, na najua mawazo yako ya wodini yanakwenda kwa Kiswahili kwa sababu wagonjwa wako wanaongea Kiswahili. Jirekodi kwa simu. Inachukiza kujisikiliza, vumilia. Utasikia "eeh" zako zote.

Tena, mtihani hufanyika nchi tofauti, na mgonjwa anaweza kuwa haelewi lugha yako hata moja, utapewa mkalimani. Hilo unaweza kulizoea hapo hapo ulipo. Yule bibi aliyeshuka kutoka Newala, anayejieleza vizuri zaidi kwa Kimakonde, mwombe mjukuu wake au muuguzi akukalimanie. Ongea ukimtazama bibi, si mkalimani. Swali moja fupi, subiri jibu. Watu wakipewa mkalimani kwa mara ya kwanza humwaga maswali matano kwa mkupuo na kupata jibu la "ndiyo" ambalo halijulikani ni la swali lipi.

Tena huko kusini hauko peke yako. Kuna Ndanda, kuna Nyangao, kuna Sokoine pale Lindi, kuna Hospitali ya Kanda hapo Mitengo na Ligula mjini. Popote kwenye hospitali hizo alipo daktari anayependa upasuaji, hata kama hafanyi mtihani mwaka huu, mtafute. Jioni mkutane kwenye simu, mmoja anaeleza kesi aliyoiona leo, mwingine anageuka mtahini mkorofi. Jumamosi moja moja kutaneni ana kwa ana kwenye wodi ya mmoja wenu. Anayetoka Ndanda na anayetoka Mtwara njia zao zinakutana Mnazi Mmoja ya Lindi, Nyangao haiko mbali na hapo. Ruhusa ya uongozi wa hospitali na ridhaa ya wagonjwa zitangulie, na picha za wagonjwa zisizunguke kwenye makundi ya simu.

Kuna kesi ambazo Mtwara haitakupa za kutosha. Rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, ni mojawapo. Zile kubwa zina historia ndefu zaidi Nyanda za Juu kuliko pwani. Hapa ndipo shingo ya mtu mzima wa afya inapokuwa mwalimu. Mkalishe intani kwenye kiti, mpe glasi ya maji, simama nyuma yake, zoea mtiririko mpaka mkono uende wenyewe: tazama akimeza, atoe ulimi nje, papasa kutoka nyuma, tezi za limfu za shingo, koo limekaa katikati au limesukumwa, gonga juu ya mfupa wa kifua, mapigo, vidole vinavyotetemeka, macho. Vivyo hivyo mishipa ya damu ya mguu: huwezi kujua mapigo yaliyopotea kama hujawahi kuyapata yaliyopo. Siku ya mtihani utakuwa na kazi ya kutafuta kilicho tofauti tu.

Titi na vidonda sitarefusha, unavyo wodini. Ila kidonda kieleze kila mara kwa mpangilio ule ule, na kingo zake usizisahau. Kidonda kilichoota kwenye kovu la zamani la moto, kingo zimeinuka na kupinduka nje, kichukuliwe kinyama pembeni kwenye ukingo, si katikati kwenye uozo.

Maswali ya mdomo yana mtego wake kwa watu wa mikoani. Mtahini anasema: kijana ameanguka kutoka kwenye mnazi, ameletwa hospitali ya wilaya, amepauka, mapigo 130, presha 80 kwa 50, tumbo limejaa. Mtahiniwa anajibu "CT-scan", kwa sababu ndivyo alivyosoma, wakati mgonjwa aliyepewa anakufa mezani. Au anajibu "nitampa rufaa", akidhani unyenyekevu utamwokoa. Anza na njia ya hewa huku ukilinda shingo, kifua, damu. Dripu mbili kubwa, kundi la damu, ndugu waanze kuchangia. Ultrasaundi kama ipo kitandani, na kama haipo, tumbo hilo na presha hiyo vimeshasema. Damu haisubiri lori la Dar es Salaam. Unafungua tumbo, unatafuta bandama. Sema wazi una nini hospitalini kwako na huna nini. Mtahini wa nje hajui wilaya zetu, na hataki uigize kwamba uko London. Kifua kikijaa hewa yenye mgandamizo, picha ya eksirei haitangulii. Sindano au mrija unaingia kwanza. Kumbuka mafunzo ya ATLS, yale ya kuokoa majeruhi, tangu toleo la 2018 yamehamisha sindano ya mtu mzima hadi nafasi ya nne au ya tano kati ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa kati wa kwapa. Ukijibu nafasi ya pili kwa mtu mzima, uwe tayari kueleza kwa nini.

Mikono inayotetemeka haimfelishi mtu. Tunaiona kila mwaka, na ikigusa mgonjwa huwa inatulia. Kinachofelisha ni kuficha: kudai umepapasa bandama ambayo hukuipapasa, au kung'ang'ania jibu baada ya mtahini kukurudisha mara mbili. Akikuuliza tena jambo lile lile kwa sauti ya upole, anakupa kamba, ishike. Usipojua, sema hujui, kisha sema ungemuuliza nani au ungefanya nini mgonjwa asidhurike wakati unatafuta jibu. Ukisahau katikati ya kupima, acha kusaka kichwani, mtazame mgonjwa tena kuanzia mikononi. Mara nyingi hatua uliyoiruka iko pale pale mbele ya macho. Na kesi iliyoharibika iache mlangoni. Watahini wa chumba kinachofuata hawajui kilichotokea huko ulikotoka.

Yaliyobaki ni ya safari. Hati ya kusafiria na kadi ya homa ya manjano zikague sasa, si Novemba. Beba tochi yako mwenyewe yenye betri mpya, futi ya kupimia na stethoskopu uliyoizoea. Dar es Salaam ufike mapema: Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara yetu eneo la Somanga na watu wakakwama, na Desemba nayo ina mvua zake. Barua ya ruhusa ipeleke kwa mganga mfawidhi mwezi huu huu. Oktoba korosho zikianza kuuzwa hela inaingia, bodaboda zinaongezeka barabarani, wodi ya mifupa inajaa, na hapo hakuna atakayependa kusikia kwamba daktari wa upasuaji anaomba kuondoka.